Kwa Magokoro, Nyanya Yangu wa Miaka Ishirini na Tatu

Magokoro,

Nimekaa kwenye ile saruji ya kufulia, nimeegemea tangi la maji, na ukungu umekaa nami. Unaujua huu ukungu wa Julai. Hauji wala hauondoki, mtu anaamka tu akiukuta umeshaingia mpaka kwenye viatu. Kutoka hapa sioni hosteli, sioni karakana, na shamba la chai la jirani limekuwa kama kitu ninachokikumbuka tu. Mtu anakohoa mahali fulani. Mfereji wa tatu unadondoka, tone, kimya, tone. Sijui kama nimeamka sawasawa, na labda ndiyo maana nimethubutu kukuandikia. Nikiamka kabisa nitaona aibu na kuichana karatasi.

Akiiokota mtu mwingine barua hii, atadhani namwandikia ajuza mwenye mkongojo. Acha nimsaidie. Wewe ni Kerubo, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ufundi wa mifereji katika chuo chetu hiki cha ufundi, mlimani juu ya barabara ya Sironga. Umri wako ni miaka ishirini na tatu, mdogo kwangu kwa miezi minne. Lakini baba yako na baba wa babu yangu walikuwa ndugu, mmoja kifungua mimba wa nyumba ya kwanza na mwingine kitinda mimba wa nyumba ya mwisho, na kwa hesabu yetu sisi Wagusii hiyo inakufanya dada ya babu yangu. Nyanya yangu. Magokoro.

Hesabu hiyo uliipiga wewe, siku ya kwanza, kwenye foleni ya usajili. Nilikuwa mgeni kutoka upande wa Keroka, babu yangu alihamia huko zamani, na sikumjua mtu. Ukaniuliza ukoo, ukaniuliza kijiji, ukaniuliza jina la babu, ukafumba macho kidogo kama mtu anayetafuta kitu gizani ndani ya sanduku. Kisha ukanikabidhi mkoba wako wa spana. "Beba, mjukuu. Nyanya amezeeka." Watu wote wa foleni wakacheka. Mimi nikaubeba, na nikaendelea kuubeba kwa mwaka mzima na nusu.

Asiye wa kwetu hawezi kujua ulinipa nini siku ile. Kwa mtu wa rika la baba, sisi tuna heshima ya kuinamisha macho. Hucheki naye hovyo, hutaji mambo ya mwili mbele yake, hata ukiumwa na tumbo unasema unaumwa na kichwa. Lakini kwa nyanya hakuna mlango uliofungwa. Nyanya anamwita mjukuu mume wake, mjukuu anamtishia nyanya kuoa mwingine mwenye meno, na hakuna anayechukia. Basi ukaniita mume wako mdogo mbele ya wasichana wa upishi, nikakosa rafiki wa kike muhula mzima. Nilikwambia nitakushtaki kwa wazee. Ukasema wazee hao ni ndugu zako wadogo, uliwapangusa makamasi. Tulivunjana mbavu mpaka mwalimu wa uashi akatoka karakanani kuuliza kama kuna ajali.

Nakukumbuka zaidi siku za Ijumaa. Unakumbuka chuo kilipoanzisha ile Programu ya Ustawi wa Wanafunzi? Mwalimu Ombati, mshauri wetu, akapewa chumba karibu na ofisi ya mkuu, viti viwili, pazia jipya la kijani, na sanduku la kutumbukiza maoni. Muhula ukapita. Ndani ya sanduku mkakuta karatasi za peremende na ombi moja la kuongezwa maharagwe. Wanafunzi waliibandika jina, klabu ya mastresi, na mtu akionekana akipita karibu na pazia lile aliulizwa kama ameshapoteza akili yote au bado imebaki kidogo. Maskini Mwalimu Ombati. Ni mtu mwema, lakini ana umri wa baba zetu na sura ya baba zetu, na mezani ameweka Biblia. Nani angeenda kumwambia mtu kama huyo kwamba halali, kwamba mpenzi amemwacha, kwamba anawashwa mahali?

Wewe ulikuwa mmoja wa washauri rika, mliochaguliwa kumsaidia. Wenzako walivaa beji wakangoja. Wewe uliivua beji ukaja hapa. Ulijua kitu ambacho hakikuwa kwenye ile semina yenu, kwamba Ijumaa baada ya saa nane nusu ya chuo iko kwenye mifereji. Wasabato wanafua, wanasugua viatu, wanapasi, wanapika vya kesho, wanakimbizana na jua lisije likatua na Sabato ikaingia kabla ya shati kukauka. Na wasio Wasabato wanafua siku hiyo hiyo kwa sababu ndiyo siku yenye umbea. Ukaja na ndoo yako na spana yako. Ukitoka kukaza mfereji huu, unakwenda kwenye ule, na kila unapoinama kuna mtu pembeni yako ana mikono kwenye povu na macho kwenye povu. Hakuna anayemtazama mwingine. Unauliza, "Mjukuu, wiki ilikuwa aje?" Naye anajibu kama sisi sote tunavyojibu, hata mtu akiwa na homa ya kumlaza: "Mbuya mono." Nzuri sana. Unanyamaza, unakaza mfereji, na baada ya shati la pili mtu anaanza kusema mwenyewe.

Nakuona. Mikono ya sweta umeikunja, kitambaa cha kichwa kimeegemea sikio moja. Umejipa ukoo wa kila mtu ili uwe nyanya yake, na pale ambapo njia ya ukoo haikuwepo uliichonga. Salim wa makanika, ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa Kisii mjini na babu zake walitoka mbali huko, alikuuliza yeye ataingia wapi. Ukamwambia yeye ni mjukuu wa upande wa sabuni. Tangu siku hiyo Salim anakuita Magokoro kwa ulimi wake wa mjini, na ni wewe uliyemsindikiza kwa Mwalimu Ombati alipoanza kuogopa kuingia darasani. Ulimpitisha kwenye pazia la kijani umemshika kiwiko, kama nyanya asiyeona vizuri anayeongozwa na mjukuu, ili watu wafikiri ni yeye anayekusaidia wewe. Mwalimu Ombati akawa anasema, wewe endelea Kerubo, mimi nitaandika ripoti.

Magokoro, sasa nakuja kwenye lile jambo.

Uliniambia. Hicho ndicho nilichokuja kuandika. Uliniambia zaidi ya mara moja na nikacheka.

Ulianza kusimama katikati ya ule mwinuko wa kwenda hosteli. "Ngoja, mjukuu. Pumzi ya nyanya imeisha." Nikakwambia nitakununulia punda. Halafu ukaanza kuja na malapa hata siku za baridi. "Hii miguu imefura, ona. Viatu imekataa." Nikakwambia hiyo ni mimba ya uzeeni, tutaitwa kwenye gazeti. Halafu ile Jumatano, tumekaa kwenye matofali nje ya karakana, mvua imetoka kupita, mabati yote yanatoa mvuke kwa jua. Ulikuwa na uji kwenye kikombe na hukuunywa. Ukasema, "Nikilala chali naskia ni kama mtu amenikalia kwa kifua. Siku hizi nalala nikiwa nimekaa." Nami nikakujibu bila hata kukutazama, kwa sababu nilikuwa nalainisha mwiko wangu wa uashi kwenye jiwe na kwa sababu jibu lilikuwa limeshafika mdomoni: "Huyo ni Sokoro. Babu amerudi kudai haki yake."

Ulicheka. Naapa ulicheka. Ukasema, "Mwambie akuje mchana basi. Usiku nimechoka."

Tukaachana hapo. Nikaenda kujenga ukuta wa mazoezi, na ukuta ule ulikuwa mzuri, niliusifu mwenyewe.

Nimeirudia siku ile mpaka imechakaa. Wakati mwingine naisogeza pole pole kama mtu anayevuka mto, ili nikifika pale kwenye kikombe cha uji nisimame na kugeuza shingo. Kugeuza shingo tu. Ningeona midomo yako ilikuwa na rangi gani. Ningemwambia mtu. Lakini kila mara mvuke unapanda kutoka kwenye mabati, mwiko unalia kwenye jiwe, na jibu langu linatoka lilelile.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya kupimwa. Programu ilikuwa imeleta wauguzi wawili kutoka kituo cha afya, na mashine ya presha, na mizani, na vile vidude vya kutoboa kidole. Wewe ndiye uliyepanga foleni. Ulizunguka madarasa yote kuwabembeleza watu, ukawaambia wanaume wa umeme kwamba anayeogopa sindano hatapata mke katika kaunti nzima ya Nyamira. Walikuja wengi kuliko vile mlivyotarajia. Ukawa unamsukuma huyu mbele, unamwita yule, unawapisha wa mbali wasichelewe kurudi kwao. Mimi ulinivuta sikio mpaka kwenye kiti. Presha yangu ilikuwa sawa kabisa, muuguzi akasema nina moyo wa ng'ombe dume.

Jua likawa limeinama. Wauguzi ni Wasabato na nusu ya wasaidizi ni Wasabato, vitambaa vikaanza kukunjwa, mashine ikarudishwa kwenye boksi lake. Yule muuguzi mnene akakuangalia akasema, na wewe bado. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nimebeba meza. Ukamjibu, "Ya mzee inajulikana, dada. Iko juu kwa sababu ya wajukuu." Akacheka. Nami nikacheka, na meza ikacheka mikononi mwangu. Mkaagana, mkatakiana Sabato njema.

Baada ya wiki tatu ulikuwa unapanda kutoka tangi la chini. Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali. Wanasema uliketi kwenye nyasi ukaweka spana magotini, na waliopita walikuamkia wakadhani umepumzika, maana nyanya hupumzika. Mpaka Salim alipokuja akakuita mara mbili. Gari la chuo lilikukimbiza Nyamira, Nyamira wakakupeleka Kisii, na siku ya tatu simu ikapigwa. Mimi nilikuwa darasani. Mwalimu wa uashi aliisikiliza ile simu akiwa ameshika chaki, na chaki ilibaki hewani.

Daktari aliwaambia watu wa nyumbani kwamba vali moja ya moyo ilikuwa imeharibika tangu utotoni, pengine kwa homa ya koo iliyopita bila kutibiwa, na kwamba kwa miaka mingi ilikuwa inavuja. Nilipoelezwa, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba ungecheka. Fundi wa mifereji anavuja. Nikatafuta wa kumwambia utani huo, na wa kumwambia ulikuwa wewe.

Tulikujengea kaburi sisi, darasa la uashi. Mimi niliomba upande wa kichwani. Udongo wa kwenu kule juu ya Kebirigo ni mwekundu na mzito, unang'ang'ania buti kama mtoto asiyetaka uondoke. Nilishika timazi, nikapima kila tofali mara mbili, na sijawahi kujenga kitu kilichonyooka namna ile. Nikiwa bado shimoni mama yako akaja akasimama ukingoni. Mwanamke mdogo, mwembamba, leso begani, sura yako lakini imekaushwa. Hakulia. Akatuuliza sisi wanafunzi, kwa Kiswahili, ili na wale wasio wa kwetu wasikie: "Kati yenu kuna mtu alimskia akisema anaumwa?"

Wote wakasema hapana. Ilikuwa kweli kwao. Mimi nilitazama mwiko wangu. Ulikuwa na saruji pembeni na nikaanza kuikwangua kwa ukucha, nikaikwangua mpaka akaondoka.

Tangu siku hiyo siko sawa. Nakwambia wewe, kwa sababu wengine wote nimewaambia mbuya mono. Kuta zangu zinapinda. Mwalimu anakuja, anainamisha kichwa upande mmoja, anasema huu ukuta umelewa. Nabomoa, najenga, unalewa tena. Chakula kina ladha ya karatasi. Mchana nasinzia juu ya mifuko ya saruji na huwa unakuja. Hukasiriki, na hilo ndilo linaloniumiza. Unakuja kupitia shamba la chai, umevaa malapa, na kati ya mistari ya chai kumeota mifereji, mingi, yote imesimama wima kama uyoga. Unafungua mmoja mmoja. Maji yanatoka taratibu sana na yanapanda mlima, hayateremki, yanapanda bila haraka kuelekea hosteli, na wewe unayafuata nyuma ukihesabu pumzi. Nataka kukuuliza kitu. Kila nikikaribia kukuuliza unanipa mkoba.

Mwalimu Ombati aliniita mwezi uliopita. Mara yangu ya kwanza nyuma ya pazia la kijani. Akaniambia kwamba tangu uondoke hakuna anayesema kitu Ijumaa, watu wanafua na kuondoka, na mkuu anauliza kama programu ina haja ya kuendelea muhula ujao. Akasema wanafunzi wanakutaja wewe, halafu wananitaja mimi, mume wa Kerubo. Akataka nishike nafasi yako. Nikamwambia sina muda, nina mitihani. Alinitazama kwa lile jicho la baba, nami nikainamisha macho, kwa hiyo sijui aliona nini. Ningewezaje, Magokoro? Mtu alikuja kwangu na kifua chake akakifungua mbele yangu nami nikamfanyia kichekesho. Na mama yake aliniuliza nikakwangua mwiko.

Kilichonivunja ni Salim. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunaanua nguo, akaniuliza, "Magokoro hakuwai kukushow kitu? Hata wewe?" Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Na nikasikia mdomo wangu ukisema hapana, kwa upole kabisa, hapana, hakuniambia. Kunyamaza kwa siku moja kumekuwa miezi mitatu, na sasa kumekuwa uongo. Nikajiona nitazeeka nao.

Basi Jumapili iliyopita nilipiga moyo konde nikaenda kwenu.

Nilimkuta mama yako shambani, kikapu mgongoni, anachuma. Ukungu ulikuwa umemkata miguu, nilimwona kuanzia kiunoni, anaelea juu ya chai. Sikujua nimwamkie vipi. Kwa hesabu ya ukoo yeye ni zaidi ya nyanya, sina hata jina lake mdomoni, nikamwita Mama tu. Akaniangalia kwa muda. "Wewe ndio ulijenga upande wa kichwa," akasema. "Haijapasuka." Nikasimama ng'ambo ya mstari wake nikaanza kuchuma nikimwangushia kikapuni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Tukaenda hivyo mpaka karibu mwisho wa mstari. Macho yetu yalikuwa kwenye majani.

Nikamwambia. Yote. Mwinuko, malapa, uji. Nikafika kwenye kifua nikakwama, maana kilichofuata hakisemwi mbele ya mzazi. Mama yako hakuacha kuchuma. Akasema, "Na wewe ukamjibu nini?"

Nikamwambia nilichokujibu. Nikamwambia neno kwa neno, Sokoro na haki yake, mimi, mbele ya mama yako, kwenye shamba la chai, Jumapili asubuhi.

Mikono yake ikasimama.

"Na yeye akasema nini?"

Nikamwambia. Akasema, rudia. Sema vile yeye alisema. Basi nikaisema kwa sauti yako, ile ya kuvuta maneno na kuinua kidevu: mwambie akuje mchana basi, usiku nimechoka. Mama yako akatoa sauti ambayo sikuielewa. Nilidhani ameumia. Alikuwa anacheka, Magokoro. Alishika kiuno, leso ikaanguka, akacheka mpaka akakaa chini kati ya chai na kikapu chake, na mahali fulani katikati ya kicheko kikageuka kuwa kile kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. Nilikaa chini pia. Umande ulinilowesha suruali yote. "Hiyo ni mdomo yake," alikuwa anasema. "Hiyo ni yeye kabisa. Nilikuwa nimeanza kuisahau."

Ukungu ulipita juu yetu, ukaja mwingine.

Kisha akasema bila kunitazama, akichambua jani vipande vipande, kwamba wakati wa Krismasi ulikuja nyumbani, mkawa mnachuma pamoja, na hapo hapo tulipokaa, mstari huo huo, ulikaa chini. Ukamwambia umechoka. Naye akakwambia chuo kimekufanya mvivu, simama, jua linatuacha. Ukasimama. Ukamaliza mstari. Mama yako alituuliza pale kaburini akitumaini kuna mtu mwingine aliyesikia, ili asiwe peke yake.

"Basi tuko wawili," akasema.

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, wala sikumwambia maneno ya kumfariji kwa sababu sikuwa nayo. Tuliinuka tukachuma hadi kikapu kikajaa, nikakibeba mimi mpaka kituo cha kupimia. Njiani akaniuliza ni nani sasa anayewauliza wale watoto wa chuo hali yao. Nikasema hakuna, Mama. Akatembea kidogo. "Si uulize wewe," akasema, kana kwamba ananituma chumvi.

Jumatatu nilimwendea Mwalimu Ombati. Nilipita kwenye pazia mchana kweupe, na wavulana wa umeme wakaniuliza kama akili imeisha. Nikawaambia imebaki robo. Ndani nilikaa kwenye kiti nikamwambia kwanza habari yangu mwenyewe, kabla ya habari ya klabu, macho yangu yakiwa kwenye zulia na yake kwenye dirisha, na ilichukua muda mrefu. Hakuandika ripoti. Wauguzi watakuja tena muhula ujao, na tumekubaliana kwamba wasaidizi wanaopanga foleni watapimwa wa kwanza, asubuhi, wakipenda wasipende. Mama yako amesema naye atakuja apimwe. Salim nimemweleza ukweli jana. Akaniuliza kama nimekula.

Leo ni Ijumaa. Ukungu unaanza kupasuka upande wa Sironga, naona ncha za mikaratusi. Nikijisikiliza, kifua kinauma, lakini ni kuuma kwa mtu aliye macho. Bado nakuhitaji. Bado kila siku napata vichekesho viwili vitatu ambavyo ni vyako na sina pa kuvipeleka. Mimi si nyanya wa mtu, na hawataniambia kama walivyokuwa wakikwambia wewe. Wengine watanidanganya na wengine watanifanyia mzaha, na baadhi ya mizaha hiyo itakuwa ni ugonjwa umevaa nguo za Jumapili.

Nasikia ndoo zinateremka. Lala, Kerubo. Lala chali, jinyooshe, hakuna tena kinachokukalia. Na ninakuahidi jambo moja, nikiwa na akili zangu timamu. Mtu akinichekesha nitacheka, maana kucheka ulinifundisha wewe na siwezi kukuacha. Lakini nikishacheka nitapangusa macho, nitageuza shingo nimtazame, nitamuuliza mara ya pili. Na nitakaa hapo hapo, mikono yangu ndani ya povu, mpaka anijibu.

Mume wako mdogo,
Mogaka